Kilo ya Gramu Mia Tisa

Tulipoachana Jumamosi iliyopita nilikuwa nimefukuzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, nimehamia chumba kisicho na dirisha, na nimeomba kumuoa binti wa mtu asiyecheka. Kama ulikosa sehemu hiyo, usijali. Hayo yote yalikuwa afadhali.

Niwakumbushe mambo matatu tu, halafu tuendelee na balaa lenyewe.

La kwanza: nilipofukuzwa, aliyeniokoa ni Matroni. Mama huyu alisimamia mabweni ya wasichana miaka ishirini na sita, akastaafu, akafungua baa. Ukiingia humo unakuta kanuni zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, kama bweni. Kila Jumamosi saa tisa alasiri kuna mashindano ya chemsha bongo: maswali ishirini, kila swali na majibu manne, A mpaka D, unachagua moja. Matroni aliniajiri niwe mtunzi wa maswali. Akanisukumia karatasi nitie sahihi kwamba sitamwambia mtu yeyote.

"Hata mama yako," alisema.

"Mama anakaa mbali."

"Hata akija kukutembelea."

La pili: mchumba wangu ni fundi wa miwani, na mtaa mzima unamwita Fundi. Baba yake ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Miaka thelathini aliingia madukani bila hodi, na sanduku la mawe ya kupimia, na aliyekutwa na mizani ya uongo alifungiwa duka siku hiyohiyo. Watu wanamwita Mzee wa Mizani. Mimi namwita Mzee tu. Kumwita baba bado hajaniruhusu.

La tatu ndilo lililonimaliza. Mzee ni mgonjwa wa chemsha bongo. Kanuni ya Matroni inasema kila meza iwe na watu watatu. Mzee alikuwa na binti yake, wakapungukiwa na mmoja.

"Mlete huyo kijana wako," alimwambia Fundi. "Tumpime."

Sasa niambie wewe ungefanya nini. Nikikataa, nimeogopa kupimwa. Nikikubali, mtunzi wa maswali anakaa kwenye meza inayojibu maswali yake mwenyewe. Nikakubali, kwa sharti nililojiwekea, ambalo Matroni tu alilijua: sitajibu swali hata moja kwa usahihi. Kwa Jumamosi kumi na moja mfululizo nimekuwa mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kukalia kiti kile.

"Kijana," Mzee aliniuliza siku ya kwanza, kwa sauti ya chini ili meza za jirani zisisikie, "popo ni ndege, mnyonyeshaji, mdudu, au mtambaazi?"

"Ndege, Mzee. Si anaruka?"

Mzee alimtazama binti yake kwa muda. Halafu akasema, "Andika mnyonyeshaji."

Siku nyingine aliniuliza bahari ipi ni kubwa kuliko zote. Nikamwambia ile ya chumvi.

Fundi aliumia sana. Alinipenda, lakini hakuwa amejua kwamba mimi ni mjinga kiasi hicho. Akaanza kunifundisha. Kila siku saa sita mchana nilikwenda kwenye karakana yake, akazima mashine ya kusaga vioo, akafungua kitabu cha maarifa ya jumla kilichong'oka jalada, akanifundisha sayari kwa mpangilio wake. Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi. Mimi niliyezitungia swali wiki iliyotangulia nilikaa pale nikitikisa kichwa na kusema, "Kumbe!"

Hata yeye sikumwambia. Nilikuwa nimetia sahihi.

Na ombi langu la ndoa? Mzee aliliahirisha mara nne. Mara ya nne alisema, "Nitakupa jibu siku ya fainali, mchezo ukiisha. Ndiyo au hapana. Sitaki kuamua mambo makubwa nikiwa na presha."

Basi fainali ilikuwa Jumamosi hii iliyopita. Na jibu langu lilikuwa mkononi mwa mtu aliyeamini kwamba sijui popo ni nini.

Jumatano Matroni aliniita stoo. Akafunga mlango, akakaa juu ya kreti ya soda.

"C," akasema.

"C nini, Mama?"

"Majibu yako. C, C, C. Wiki jana Spana amepata kumi na tano. Unamjua Spana?"

Nilimjua. Ni fundi wa magari wa gereji ya mtaa wa nyuma, na hana habari na chemsha bongo. Anakuja kwa ajili ya televisheni.

"Alikuwa anatazama mpira," Matroni akaendelea. "Swali hata moja hakusikiliza. Amejaza C kuanzia juu mpaka chini kama anachora uzio. Kapata kumi na tano! Kwa nini unaweka C?"

Nikafikiri. Kusema kweli sikuwa najua kwamba naweka C. "Nadhani A naiona iko wazi mno," nikasema. "Mtu analiona jibu kabla hajakaa. Na D inaonekana kama nimelificha."

"Na B?"

"B sijui. B nimeipuuza."

"Vuruga," akasema Matroni. "Sitaki fainali ya C kwenye baa yangu."

Nilikwenda nyumbani nikavuruga. Maswali yote ishirini. Majibu ya kweli niliyatawanya kila upande. C nikaiachia mawili tu, kwa heshima. Alhamisi nikapiga chapa karatasi mpya za maswali, nikampelekea Matroni, nikalala usingizi wa mtu mwadilifu.

Karatasi ya majibu, ile anayosomea mtangazaji, nilikuwa nimekwisha kuikabidhi tangu Jumanne. Ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kupigwa mhuri wa baa, ndani ya droo ya kaunta, imefungiwa. Hiyo sikuivuruga. Hiyo niliisahau kabisa, kama vile haikuwahi kuandikwa.

Jumamosi saa nane na nusu baa ilikuwa imejaa. Meza tatu zilikuwa zimefika fainali: yetu, ya wauguzi wakiongozwa na mmoja anayeitwa Sista, na ya Spana na wenzake wawili wa gereji, ambao hakuna aliyeelewa wamefikaje, isipokuwa mimi na Matroni. Mshindi angepewa meza ya chini ya feni kwa mwaka mzima, na kibao cha jina lake kipigiliwe juu yake. Pale ndani feni ni moja tu.

Mzee alivaa koti. Alikuja na penseli mbili zilizochongwa na rula. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia "Marahaba," halafu akaongeza, "Leo kaa tu, kijana. Usiseme kitu."

Nilimshukuru kwa dhati.

Mtangazaji wa Matroni ni dalali wa mnada. Siku nyingine huuza makochi na mitungi ya gesi. Alisimama akasoma maswali ishirini, tukajaza. Mzee hakubabaika. Moyo una vyumba vingapi, akaandika nne. Mji mkuu wa Australia, Fundi akanong'ona Kanbera, Mzee akasema, "Naam." Mimi nilikunywa soda.

Likaja swali la kumi na mbili. "Kilo moja ina gramu ngapi?" Dalali akasoma. "A, gramu elfu moja. B, gramu mia moja. C, gramu mia tisa. D, gramu elfu moja na mia mbili."

Baa ikacheka. Swali la mtoto wa shule kwenye fainali! Lakini Mzee alitabasamu. Ninaapa. Wiki kumi na mbili nimekaa na mtu yule, na hilo ndilo tabasamu la kwanza nililoliona. Akaandika A polepole, kama mtu anayetia sahihi hati ya nyumba yake.

Nakiri hapa, kwa kuwa hii ni safu ya kukiri: swali hilo nilimtungia yeye. Ni zawadi. Fundi aliwahi kuniambia kwamba baba yake hana hadithi nyingine ila ya wauza duka wa gramu mia tisa. Nikaiweka mia tisa pale makusudi, aione, aikatae, afurahi.

Karatasi zikakusanywa. Matroni akafungua droo, akatoa bahasha, akaionyesha watu mhuri, akaichana. Dalali akaipokea.

"Swali la kwanza. Buibui ana miguu mingapi? Jibu ni C." Akaitafuta C kwenye karatasi ya maswali. Akaisogeza karibu na macho. "Minne."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile bahasha.

"Swali la pili. Bahari kubwa kuliko zote duniani. Jibu ni C. Bahari ya Shamu."

Matroni akageuza shingo polepole kutoka kaunta, akanitazama. Nikatazama soda yangu.

"La tatu. Mji mkuu wa Australia. C. Sidni." Hapo hakuna aliyeguna. Nusu ya baa ilidhani ni Sidni.

"La nne. Moyo wa binadamu una vyumba vingapi? Jibu ni C. Saba."

Sista akasimama. "Vyumba saba? Hata nyumba yangu haina vyumba saba!"

"Kanuni ya kwanza," akasema Dalali, akionyesha ukutani kwa kidole.

Kanuni ya kwanza inasema: JIBU NI LILILOANDIKWA. UBISHI NJE. Iliwekwa mwaka ule walipogombania idadi ya mabara wakavunja viti vinne. Na si utani. Mtu akibisha anatolewa na Matroni mwenyewe, kwa sikio. Sista alikaa shingo upande, akakunja mikono.

Meza ya Spana ilikuwa inapigana vibao vya mgongo. "Tulijiandaa sana," Spana aliwaambia watu waliokuwa karibu.

Kila jibu liliposomwa Mzee aliweka alama ya kosa kwenye nakala yake, kwa rula, safi. Kosa. Kosa. Kosa. Lilipofika la kumi na moja akaiweka rula mezani. Fundi akamshika mkono chini ya meza. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, kati yao, nikijua kila kitu na nisiseme kitu, na nilijichukia. Nilijiambia: acha imalizike, Jumatatu Matroni atarekebisha. Nilijiambia pia kwamba mtu hafi kwa kushindwa chemsha bongo.

"La kumi na mbili," akasema Dalali. Akasita. Yeye pia ni mtu wa kupima na kuuza. "Kilo moja ina gramu ngapi. Jibu ni C. Gramu mia tisa."

Mzee akasimama.

"Rudia."

"Gramu mia tisa, Mzee."

"Soma karatasi. Usikisie."

"Imeandikwa C, Mzee. Mia tisa."

Matroni akatoka nyuma ya kaunta. Watu wakadhani anakuja kushika sikio la mtu wa miaka sabini. Mzee akainua kiganja.

"Sibishi," akasema. "Kanuni naijua. Nataka kusema jambo moja, halafu nitoke mwenyewe." Akavuta pumzi. "Mwaka wangu wa tatu kazini niliingia duka moja la unga. Mwenye duka alikuwa rafiki yangu. Si rafiki wa salamu, rafiki hasa. Mke wake ndiye aliyempokea huyu binti alipozaliwa. Nikaweka jiwe langu kwenye mizani yake. Kilo yake ilikuwa gramu mia tisa. Akaniambia, bwana, ni gramu mia tu, nani anaziona? Nikafunga duka. Hatujasalimiana mpaka leo. Nimekosa harusi za watoto wake wote. Na leo mnaniambia yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Hata Spana aliteremsha chupa yake mezani taratibu.

"Namtaka aliyeandika," Mzee akasema. "Nimwone uso tu."

"Kanuni ya pili, Mzee wangu," akasema Matroni kwa upole ambao sikujua anao. "Mtunzi hajulikani."

"Basi." Akachukua penseli zake. "Binti, twende." Akaniona nimekaa. "Na wewe kijana, lile jibu nililokuahidi. Leo sina moyo nalo. Labda mwakani."

Mwakani!

Nikapiga moyo konde. Nikasimama.

"Ni mimi, Mzee."

"Wewe ni nini?"

"Mimi ndiye niliyeandika. Maswali yote. Tangu Jumamosi ya kwanza."

Dalali, kwa mazoea tu, akasema, "Ya kwanza... ya pili..." Halafu akajiziba mdomo.

Nikaeleza mbio mbio. Kwamba nilikuwa na ugonjwa wa C, kwamba niliambiwa nivuruge, kwamba nilivuruga maswali na bahasha nikaisahau, kwamba buibui ana miguu minane na moyo una vyumba vinne na kilo ina gramu elfu moja na haijawahi kuwa na pungufu.

"Nilimwambia avuruge," Matroni akawatangazia watu. "Sikumwambia avuruge hivi."

Ikabidi karatasi zisahihishwe upya. Nikamtajia Dalali majibu ya kweli mbele ya kila mtu, ishirini yote, kwa kichwa, bila kutazama popote. Nilipofika la popo lililorudiwa nikasema, "Mnyonyeshaji," na nikasikia Fundi nyuma yangu anavuta pumzi.

Meza ya Mzee, kumi na tisa. Meza ya Sista, kumi na nane. Meza ya Spana, mawili.

"Tumeibiwa mchana kweupe," akasema Spana, akarudi kwenye mpira.

Watu wakaanza kumpigia Mzee makofi. Mimi pia nilipiga. Ndipo Sista alipouliza swali lake, wala hakulisema kwa ubaya.

"Sawa, kumi na tisa. Lakini huyo mtunzi alikuwa amekaa meza ya nani?"

Makofi yakafa.

Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya wapiga chapa kumi na mmoja, nikatolewa na mlinzi aliyekuwa akiniazima miavuli. Aibu ile haikufika nusu ya hii. Miaka thelathini Mzee hakuchukua hata kibiriti cha mtu. Na sasa baa nzima ilikuwa inamtazama jinsi yeye alivyokuwa akizitazama mizani za watu. Mimi nilikuwa nimemfanyia hivyo kwa mdomo wangu, nikidhani namwokoa.

"Sikujua," akasema Mzee.

"Tunakuamini, Mzee," akasema Matroni.

"Msiniamini. Nipimeni." Akanigeukia. "Wewe. Kwa wiki zote hizi, ulijua majibu?"

"Niliyajua."

"Yote?"

"Yote, Mzee."

"Siku ile uliponiambia popo ni ndege."

"Nilijua si ndege."

"Bahari ya chumvi?"

"Nilijua ni Pasifiki."

"Kuna siku hata moja uliyonipa jibu sahihi?"

"Hakuna. Nilihakikisha."

Akanitazama juu mpaka chini. "Nilimwambia binti yangu kwamba huna kitu kichwani."

"Nilisikia, Mzee. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Kwa hiyo na mimi," akasema Fundi, "nilikuwa nazima mashine kila siku saa sita, naacha wateja wamepanga foleni vipofu, nakufundisha Utaridi na Zuhura..."

"Fundi, nilitia sahihi."

"Usiniguse."

Sikuwa nimemgusa, lakini nilisogea nyuma.

Mzee akainua kidole, akatunyamazisha wote wawili. "Swali la mwisho kwako. Kati ya maswali haya, kuna lolote ulilolitunga kwa ajili yangu?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Neno moja. Angeshinda, angekaa chini ya feni, angenipa ndiyo yangu jioni ile ile. Niliiona tayari usoni mwake, imeanza kuja. Nilimwona pia Sista, ambaye ni mtu mwema, anatikisa kichwa kidogo kunishauri.

"Ndiyo," nikasema. "La kilo."

Mzee akafumba macho. Akayafumbua. Akaenda mezani kwa Dalali, akachukua karatasi yetu, akaliwekea rula swali la kumi na mbili, akalikata.

"Kumi na nane," akasema. "La wenzetu liacheni, wao hawakutungiwa. Lao ni halali."

"Lakini Mzee..." Matroni alianza.

"Kumi na nane."

Basi meza mbili zikalingana. Kanuni ya sita inasema: WAKILINGANA, VIONGOZI WAWILI, SWALI MOJA, KENGELE. Viongozi wanasimama peke yao kaunta, hakuna kunong'onezana na meza, kila mmoja na kengele yake ya kugonga kwa kiganja. Swali linatungwa papo hapo. Na linatungwa na mtunzi.

Dalali akanipa kipaza sauti. Kilikuwa na unyevu.

Sista alisimama kushoto, Mzee kulia. Nikaanza kupekua kichwani. Nyota? Mito? Madini? Kila nililolishika niliona Mzee analijua, na kama analijua, watu watasema nimempa tena. Mzee aliona ninavyohangaika.

"Niulize nisilolijua," akasema. "Hilo tu ndilo nitakalokubali."

Jambo ambalo Mzee halijui. Nilikuwa nalo moja tu. Na nyinyi wasomaji wangu hamlijui, kwa sababu nimewaficha wiki mbili mfululizo, na kwa hilo naomba radhi.

Jumatatu ya wiki juzi, saa nne asubuhi, mimi na Fundi tulikwenda ofisi ya msajili wa ndoa tukaoana. Mzee alikuwa ameahirisha mara ya nne. Fundi akasema amechoka, yeye ni mtu mzima, ana kazi yake na ufunguo wa karakana yake. Tukakubaliana hivi: tungoje fainali, Mzee aseme ndiyo, tufanye harusi na watu waalikwe, na ile hati ikae chini ya godoro langu mpaka tuzeeke. Shahidi alikuwa Sista, rafiki yake Fundi tangu shule. Alikuja na sare ya kazi, akatia sahihi, akawahi zamu.

Niligeuka nikamtazama Fundi. Tangu nilipokiri alikuwa amenipa ubavu. Sasa alinitazama. Akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama wima kaunta na koti lake, anangoja kuulizwa asichokijua. Halafu akatikisa kichwa chini, mara moja. Muulize.

"Swali la mwisho," nikasema, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Binti wa Mzee wa Mizani, huyu fundi wa miwani, aliolewa lini? A, bado hajaolewa. B, ataolewa mwakani. C, ataolewa siku baba yake atakaporidhika. D, Jumatatu ya wiki juzi."

Dalali alifungua mdomo alirudie swali, kama kazi yake inavyomtaka. Akaishia kushika kaunta.

Mkono wa Sista ulikuwa tayari juu ya kengele. Alikuwa analijua jibu kuliko mtu yeyote mle ndani. Saini yake ilikuwa chini ya yetu. Meza ya feni ilikuwa yake, mwaka mzima, yeye na wenzake wanaosimama masaa kumi na mawili kwa zamu. Akautazama ule mkono. Akauondoa, akauficha nyuma ya mgongo.

Mzee hakunitazama. Alisimama akifikiria kila herufi kwa zamu yake. Nilimwona, kwa sababu midomo yake ilikuwa inazitamka. Kisha akaweka kiganja juu ya kengele na kuigonga, taratibu sana, ikatoa sauti ndogo.

"Jibu lako, Mzee?" akasema Dalali, kwa sauti ambayo hajawahi kuuzia kitu.

Mzee akageuka, akaipa kaunta mgongo, akamtafuta binti yake kati ya vichwa vya watu.

"Mwanangu," akasema, "hili silijui. Nisaidie."

"Kiongozi haruhusiwi kuuliza meza ya..." Dalali akaanza, na Matroni akamkamata sikio.

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Halafu akasimama.